Nimekuzika kwa Wimbo wa Harusi

Baba,

Kamwene.

Nakuandikia nikiwa jikoni hapa Kifanya, nimekaa kwenye kigoda chako, miguu karibu na moto. Nje ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la banda la ng'ombe. Mama ameenda kwa wenzake wa jumuiya kupanga vyakula vya kesho. Kesho tunakuwekea msalaba, Baba. Paroko atakuja kuubariki, watu watakula, na matanga yataanuliwa. Baada ya baraka kuna wimbo wa familia, na wa kuuimba ni mimi, Otilia, binti yako mkubwa, mpiga kinanda wa Makambako, yule ambaye watu wakimsikia tu wanashika viuno.

Sina uso wa kusimama mbele ya kaburi lako. Ndiyo maana nimeanza na karatasi, yenyewe haina macho.

Nikupe kwanza habari za nyumbani. Ng'ombe amezaa, ndama jike, Mama anasema ana macho ya shangazi yako na sijui ni sifa au ni tusi. Viazi vimekubali mwaka huu. Kwaya yako imepata mwalimu mpya, kijana mpole anayevaa suti hata siku za mazoezi, na sauti ya tatu bado wanashuka palepale ulipowaachia. Mama anakula. Mwanzoni hakuwa anagombana na mtu, wala kuku, wala mimi, na hapo ndipo tulipoogopa kweli. Sasa ameanza tena. Jana ameniambia nachambua mboga kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Kwa hiyo shukuru Mungu, anaendelea vizuri.

Sasa nije kwenye lililonileta.

Unaijua Chachu yangu. Wimbo wangu wa kwanza uliopendwa ulikuwa wa sendofu ya binti wa mwenye duka la vipuri, pale ninapopanga chumba cha studio, karibu na njia panda. Ulianza na kengele, zile kengele za kinanda zinazomwagika. Halafu ngoma ikaingia kama mtu anayesukuma mlango kwa nyonga. Halafu jina la bibi harusi, likarudiwa, halafu "umependeza", halafu mama yake aliyelia kwa uchungu leo analia kwa furaha, halafu kengele tena. Watu walicheza mpaka viatu vikabaki ukumbini. Baada ya hapo akaja mtu anataka kama ule. Nikabadilisha jina. Akaja wa kipaimara, nikatoa "umependeza" nikaweka "umeimarishwa". Akaja wa mahafali, nikaweka "umehitimu". Akaja mgombea udiwani, nikaweka "unatosha". Kwenye kompyuta faili lile nililipa jina Chachu, kwa kuwa mwanamke akishapata chachu nzuri hahangaiki tena, anachota kidogo anaumua unga mwingine. Nilijiona mjanja, Baba. Jamani, nilijiona mjanja!

Makambako nzima, kila ukumbi, mimi. Magari ya Songea yanasimama stendi na mimi nimo ndani yake naimba, ya Mbeya nimo. MC akisema "naomba kengele" watu wanajua ni nani anaitwa.

Wewe peke yako ndiye uliyesema kitu. Unakumbuka nilikupigia simu nikuchezee wimbo mpya kabla haujatoka? Ukauimba. Si kwamba ulinifuata, ulinitangulia, ukawa unafika kwenye neno kabla yangu. Nikakuuliza, "Baba, umeujuaje na ndiyo kwanza nautoa?" Ukasema, "Nilikuwepo alipozaliwa kaka yake." Mimi nikacheka mpaka nikakohoa. Wewe hukucheka.

Na siku ile uliyokuja Makambako, tukala pale kwa mama ntilie nyuma ya studio. Uliutazama ugali muda mrefu, ukasema, "Oti, ugali unaweza kuwa ule ule kila siku na asilalamike mtu. Lakini mboga, mwanangu. Mboga ibadilike." Na mimi na huu mdomo wangu, mdomo ambao Mama anasema niliuokota njiani, nikakujibu mbele ya watu wanakula: "Baba, nyimbo zako wewe anazijua nani? Umetunga maisha yako yote, nani anazipiga hata kwenye bajaji?" Ulinawa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. Ukasema, "Wenyewe wanazijua." Ukaaga, ukaenda kuwahi gari la Njombe. Na mimi nikabaki pale nikijua nimekushinda.

Simu ilipokuja kwamba kifua kimekushinda hospitalini, nilikuwa ukumbini nafunga spika. Nilikaa juu ya spika. Sikumbuki nani alinishika.

Wajomba waliniambia nisihangaike, kwaya itaimba. Nikasema thubutu, baba yangu ataimbiwa na mwanawe. Hapo pia kulikuwa na ujeuri, nauona sasa. Nilitaka watu waone kwamba Mwalimu Fidelisi ameacha mtu. Nikaingia studio nikiwa nalia, kichwa hakina kitu, nikafanya kile ambacho mikono inakijua. Nikafungua Chachu. Nikapunguza mwendo. Nikatoa ngoma ya nyonga nikaweka vinanda vya kuombolezea. Nikatoa "umependeza" nikaweka "umepumzika". Pale palipokuwa na jina la bibi harusi nikaweka Baba. Nikaujaribu, nikalia, nikasema kama mwenyewe nimelia basi umefaa. Kengele sikuzitoa. Nilijiambia kengele hata kanisani zipo.

Wewe siku hiyo ulikuwepo lakini ulikuwa umelala, kwa hiyo niache nikusimulie, usije ukasikia kwa wengine.

Paroko alikuwa amemaliza. Vijana wanashindilia udongo, Mama ameshikwa huku na huku, baridi inapiga mpaka kwenye meno. Nikabonyeza. Kengele zikamwagika kilima kizima. Na kabla sijafungua mdomo, Mama mdogo Gaudensia, mdogo wake Mama, yule anayekupenda kama kaka wa tumbo moja, ambaye binti yake nilikuwa nimemwimbia sendofu juzijuzi tu, akapiga kigelegele.

Kirefu, Baba. Kilimtoka chenyewe. Akajiziba mdomo na kanga, macho yamemtoka. Lakini kigelegele hakipigwi na mmoja kikaishia hapo. Wanawake wa nyuma, ambao kwa wingi wa watu walikuwa hawalioni kaburi, wakakipokea. Mabega yakaanza. Kuna bibi mmoja alikuwa ameshafungua fundo la kanga, amebana noti yake, anakuja mbele kwa mwendo wa kutunza, anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, mpaka alipouona udongo. Akasimama na noti yake juu.

Halafu mtu akacheka. Unakijua kicheko cha msibani, kinakandamizwa mdomoni kinatokea puani. Kikapita kwa vijana wa majembe, kikapita kwa kwaya yako mwenyewe, sauti ya pili yote imeinamisha vichwa inatetemeka. Paroko akaanza kusoma kitabu chake, na nilikuwa nakiona, kilikuwa kimefungwa. Na kinanda kinaendelea. Kinanda hakina haya. Nikaimba mpaka mwisho, kwa sababu mashine ilikuwa imeshaanza na mimi sikujua nawezaje kuacha katikati. Umepumzika, Baba, umepumzika. Nilitamani unisogezee nafasi humo ndani.

Mama hakunitukana. Laiti angenitukana! Jioni, tunaosha masufuria, alisema bila kunitazama, "Baba yako umemfanyia harusi." Akaendelea kusuuza.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Lililo baya kuliko yote Mama halijui, nakwambia wewe tu. Tulipokuwa tunatoka makaburini alinifuata mwanaume mmoja wa upande wa mjini, akanipa pole, akanishika mkono kwa mikono miwili kama ipasavyo. Halafu akashusha sauti: "Ila dada, ule wimbo mtamu. Na mimi nina kipaimara cha mwanangu." Nikampa namba, Baba. Udongo wako uko viatuni mwangu, nami namtajia mtu namba ya simu. Tena nikairudia asije akakosea. La kuvunda halina ubani, nimejaribu kujitetea kila namna, haikubali.

Halafu wakaja wenyewe.

Nilibaki nyumbani siku zile za mwanzo za matanga kwa sababu sikuwa na mahali pa kuupeleka uso wangu. Asubuhi moja ikaingia familia kutoka Kichiwa, wamebeba kuni na mahindi. Hawakusalimu kwanza. Walisimama uani wakaimba wimbo ambao mimi sijawahi kuusikia popote, unapanda polepole, unapanda, halafu unakatika ghafla kama mtu aliyekumbuka kitu. Nikamuuliza Mama ni wimbo gani. Akasema, "Huo baba yako alimtungia bibi yao alipofariki." Mchana wakaja majirani wa hapa Kifanya na wimbo wa kwao, wa mtoto aliyeugua akapona, huo ulikuwa na maneno machache tu na ukicheka katikati. Wakaja wapasua mbao wawili, wakasimama wamevua kofia, wakaimba ule wa mwenzao aliyeangukiwa na mti. Sauti zao, Mungu awasamehe, zilikuwa za kutisha ndama. Lakini hawakukosea hata neno.

Ikawa hivyo kila siku. Kila nyumba ilikuja na wake. Wengine walikuwa hawaujui wa jirani yao, wanasimama kando wanasikiliza, mpaka zamu yao ifike. Na mimi nilikaa mlangoni na hili sikio langu la ufundi nikitafuta mahali ulipojirudia. Sikufichi, nilitaka nikukamate. Nilitaka nyimbo mbili tu zifanane, hata mwanzo, hata mwisho, ili nipumue, niseme kumbe hata Mwalimu naye alikuwa anachota kwenye chungu kimoja. Sikupata. Nilikaa pale siku zote nisipate.

Nikajiuliza ulikuwa unafanyaje. Na hilo nalo lina aibu yake, maana mimi ni mwanao na sikulijua. Niliondoka hapa nikiwa msichana kwenda kufuata vinanda vya umeme, na hata nilipokuwepo sikuwahi kukusindikiza kwenye nyumba za watu. Nilidhani unakwenda kunywa ulanzi. Nilimuuliza Mama, akasema, "Alikuwa anakwenda." Basi, ndilo jibu zima. Unamjua akiwa na hasira.

Kabla sijarudi Makambako aliniita chumbani. Alikuwa anakunja mashati yako. Akasema, "Kwenye msalaba utamtungia baba yako wimbo wake. Wake, Otilia. Ukishindwa uniambie mapema, tutasali rozari yaishe." Hakuniita Oti. Aliniita jina zima, kama mwalimu wa shule anayeita waliofeli.

Nikaenda Makambako nikajifungia. Baba, mikono hii imelaaniwa. Naweka vidole kwenye kinanda, nafumba macho, nakukumbuka na koti lako la kijani, nakukumbuka unavyopuliza chai, naanza kupiga, na kinachotoka ni sendofu. Nikabadilisha ufunguo, ikawa sendofu ya watu wafupi. Nikaipunguza mwendo, ikawa sendofu imechoka. Siku moja nilipata kitu nikaruka kwa furaha, nikasema huyu ndiye Baba, nikakirekodi, nikakisikiliza. Ilikuwa "unatosha" ya diwani. Nikafuta Chachu. Nikaifuta kabisa, na kwenye flashi, na kwenye memori ya kinanda, nikakaa kama mtu aliyetoka kuungama. Kisha nikaanza upya, na ikarudi ileile, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Kumbe haikuwa kwenye kompyuta.

Katikati ya mateso hayo akaja mama mmoja, nikamtambua. Alikuwa wa ile familia ya Kichiwa, aliyeanzisha wimbo wa bibi yao uani kwetu. Binti yake anaolewa, anataka wimbo wa ukumbini. Nikaona Mungu ameniletea nafasi ya kutubu. Nikamwambia, "Mama, wewe nitakutungia mpya kabisa, haujawahi kusikika." Weee! Alinijia juu. "Mpya wa nini? Mimi nimetoka Kichiwa kufuata ule ule! Wa kengele! Watu wasipoujua watachezaje?" Nikamkumbusha wimbo uliowatungia. Akanitazama kama mtoto asiyeelewa. "Ule ni wa kwetu nyumbani. Huu ni wa ukumbini. Nyumbani kwangu sikuiti uweke kengele, na ukumbini sitaki nilizwe kwa wimbo wa bibi yangu."

Nilimfanyia, Baba. Kwa kuwa faili nilikuwa nimelifuta, niliupiga wote kwa mkono, na haukupungua kitu. Alipoondoka nilifurahi, nikasema haa, kumbe sina kosa kubwa hivyo, nilikosea mahali tu. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipoketi tena kukutafuta wewe. Maana mwenye nyimbo mbili anaweza kukosea mahali. Mimi ninao mmoja.

Ndipo nikafunga studio nikaja huku, wiki iliyopita, nikiwa nimeshajiandaa kusema neno. Nilimkuta Mama kwenye viazi. Nikamwambia nikiwa bado nimesimama mpakani mwa shamba, "Mama, nimeshindwa."

Akauliza, "Umejaribu wapi?"

"Studio."

"Sasa baba yako yuko studio?"

Nikatoa simu. Nilifikiri nitamrekodi anisimulie habari zako, nipate pa kuanzia. Aliitazama ile simu mpaka nikaona haya kuishika. Akasema, "Baba yako alikuwa haingii kwa watu na kidude. Alikuwa anaingia na jembe. Kama ni msiba anapasua kuni. Kama ni harusi anabeba maji na wanawake wanamcheka. Haulizi kitu. Anafanya kazi mpaka wanamsahau kwamba yupo. Wakishamsahau ndipo wanaanza kusema kama wanavyosema siku zote."

"Halafu?"

"Halafu anakuja hapa anapigapiga meza yangu mpaka chai inamwagika. Chukua jembe."

Kwa hiyo nimekuwa nachimba viazi, Baba. Mimi, Oti Kinanda. Kucha zangu za Makambako zimebaki kwenye matuta yako, ukiona kitu chekundu kinachipua usishangae. Siku za kwanza Mama hakunisahau hata kidogo. Kila nilichofanya alikiona. "Usikate kiazi. Usikanyage hapo. Huko mjini mnainamaje?" Mgongo ulinilia, na usiku nilikuwa nalala kama gogo bila kutunga hata mstari. Nikaanza kuzoea. Naye akaanza kuzoea. Tukawa tunachimba bila maneno, yeye mbele, mimi nyuma nakusanya.

Juzi ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, jua linatokeza. Mama alifika mwisho wa tuta, akanyooka, akashika kiuno. Akageukia kule kwenye miti yako, kule ulikokuwa unashinda ukipogoa matawi. Akaweka kiganja mdomoni akaita.

"Baba Otiii! Njoo unywe chai!"

Alikuwa amenisahau kwamba nipo. Na alikuwa amesahau kwamba wewe haupo.

Tulisikia sauti ikifika kwenye miti. Mama alibaki na kiganja mdomoni, anangoja. Alilingoja itikio lako, Baba, nilimwona akilingoja. Kisha akakumbuka. Akakaa chini juu ya tuta, viazi vikabiringika, akalia. Alilia kile kilio ambacho hakukilia siku ya kukuzika, kwa sababu siku ile binti yake alikuwa amemwekea kengele. Niliiba kilio cha mama yangu kaburini kwa mume wake. Hilo nalo sikuwa nimelijua mpaka juzi. Watu walicheka, nikadhani aibu ni yangu, nikajihurumia mimi. Kumbe yeye alirudi nyumbani na kilio chake chote kifuani, akakikalia siku zote hizi akisuuza masufuria.

Nilimkumbatia, tukakaa kwenye udongo mpaka chai ikapoa kweli. Nililia nami. Lakini nitakwambia ukweli, kabla ya kulia nilisikia sauti. Ile "Baba" iko chini, haina haraka. Halafu inapanda kwenye jina, inakaa juu, na haishuki. Inabaki pale inangoja mtu aimalizie. Mama yangu analia na mimi nashika sauti! Nimejiuliza ni mtoto wa namna gani. Ila hilo moja nadhani utanisamehe, maana na wewe ungeisikia.

Na jina lenyewe lilikuwa langu. Humu ndani Mama hakuwahi kukuita Fidelisi, mke hamwiti mume wake jina. Mimi nilikuwa natoa majina ya watu na kuweka mengine kama mtu anabadilisha foronya, leo Neema, kesho Faraja, jina ni jina, mradi lienee kwenye biti. Na siku zote hizo wewe ulikuwa huko kwenye miti, kwenye baridi, ukisikia langu unaacha panga, unakuja. Tangu nizaliwe ulikuwa unalibeba. Hata jioni ile nilipokudharau mbele ya sahani za watu, ulipanda gari, ukafika hapa, ukaitwa kwa jina langu, ukaitika.

Wimbo nimeupata. Ni mfupi, Baba, na sijui kama ni mzuri. Nilipigapiga meza na Mama akavuta kikombe chake pembeni. Hauna kinanda, hauna spika. Unaanza na mwito ule ule, na Mama amekubali kuita mwenyewe, pale mbele ya watu. Mama mdogo Gaudensia nimempigia simu nikamwomba asimame mstari wa mbele. Alianza kulia, ananiomba msamaha, yeye! Nikamwambia kigelegele kile kilikuwa halali yake, mimi ndiye niliyemwita kwa kengele.

Sitakudanganya kwamba nitaacha ukumbi. Yule mama wa Kichiwa amenilipa na watu wake watacheza, na nikisikia wanacheza nitafurahi, ndivyo nilivyo. Lakini nakuahidi hivi. Akija mtu kwangu ana msiba, anataka kama ule, sitamuuliza marehemu anaitwa nani. Nitamuuliza kwao ni wapi, na kama wana jembe la ziada. Na wimbo wako sitampa mtu, hata akipiga magoti. Na yule mwanaume wa kipaimara nimempigia nikamwambia nilikosa adabu siku ile. Hakuelewa. Si kitu.

Naogopa kesho, Baba. Sauti yangu bila spika wewe unaijua, inakwaruza. Kuna watu watakuja wakiwa na kicheko tayari puani, nao nawaelewa. Nitasimama hivyo hivyo.

Mama anarudi, namsikia anagombana na ndama njiani. Acha nifunike moto.

Pumzika sasa. Kesho Mama akiita, usihangaike kuinuka. Nitaitika mimi.

Mwanao,
Oti